Goti Langu na Ngoma ya Majembe

Nilisikia goti langu likilia kabla sijasikia maumivu. Ulikuwa mlio mdogo, kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa na mtu anayewasha moto, na kwa kuwa nilikuwa hewani nikirudi chini na mpira mikononi, nilidhani ni kiatu cha mtu mwingine. Kisha mguu wa kulia ukaenda upande wake na mimi nikaenda upande wangu.

Nilikuwa mlinzi katika timu ya mkoa ya mpira wa pete. Mchezo ule hauruhusu kukimbia na mpira: ukiudaka unatua, unasimama palepale, unatoa pasi. Kwa hiyo maisha yako yote uwanjani ni kuruka na kutua. Siku ile pembeni ya uwanja walikuwa wamekaa makocha wa timu moja ya Dar es Salaam, timu ambayo mchezaji akichukuliwa anapewa na ajira. Nilijua wamekuja kutazama wachezaji, na mmoja wao aliniuliza jina langu wakati wa mapumziko. Niliporudi ndani niliruka juu kuliko ilivyohitajika. Nilipokuwa nimelala pale chini nikiushika mguu, niliwaona wakigeuza nyuso zao kwenda upande mwingine wa uwanja, si kwa ubaya, ila kama mtu anavyofanya sokoni akiona embe alilolishika limeoza upande mmoja.

Nyumbani kwetu ni Gongoni. Baba yangu alikuwa fundi seremala, mtu wa swala tano, na milango yake bado ipo kwenye nyumba nyingi za Tabora. Mpira wangu aliuvumilia kama mtu anavyoivumilia mvua. Hakuupenda, lakini hakutoka nje kuuzuia. Masharti yake yalikuwa suruali ndefu, kichwa kufunikwa, na kuwa nyumbani kabla ya magharibi. Hakuwahi kuja kunitazama hata mara moja. Siku niliyoletwa nyumbani nikiwa nimeshikiliwa na wenzangu, aliacha randa yake, akanitazama goti lililovimba, akasema, "Alhamdulillahi, si kichwa." Akarudi kwenye ubao wake.

Hospitali walisema kano ya ndani ya goti imekatika. Upasuaji wa kuirudishia ulifanyika mbali na foleni yake ilikuwa ndefu. Huku nikisubiri nilipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mfupi, mkavu wa maneno, wa umri wangu.

"Kano iliyokatika haitajiunga yenyewe," aliniambia huku akilivuta goti mbele na nyuma kama mtu anayejaribu droo. "Lakini misuli inaweza kufanya sehemu ya kazi yake, ukiifundisha. Wengine wanaishi hivyo na wanacheza. Wengine goti linawaangusha sokoni wakiwa na kikapu. Sikuahidi chochote."

Akanipa mazoezi: kukaza paja, kuinua mguu ulionyooka, kukaa kitini na kuinuka. Niliyafanya chumbani kwangu peke yangu nikitazama ukuta. Kila niliponyanyua mguu niliona jinsi paja lilivyokonda, mpaka suruali ikawa inapwaya upande mmoja, na kila nilipouona nilikosa nguvu ya kuunyanyua tena. Wenzangu walikuja kunisalimia, kisha wakaja kwa nadra, kisha ligi ikaanza. Nikaacha mazoezi. Nikaacha na kliniki, na nafasi yangu kwenye foleni ya upasuaji ikapita. Nilikuwa nalala mpaka jua linapanda, na usiku nilikuwa siombi goti lipone, nilikuwa naomba nisahau kwamba niliwahi kuruka.

Mama ndiye aliyeniondoa pale. Yeye ni mtu wa Lusu, kule Nzega, mtoto wa wakulima. Alisilimu alipoolewa na baba, na tangu hapo alirudi kwao kwa misiba tu. Asubuhi moja aliingia chumbani akafungua dirisha.

"Nenda kwa dada yangu," alisema. "Ukae huko, ule michembe ya viazi, uone watu."

"Nitafanya nini huko na mguu huu?"

"Hapa unafanya nini nao?"

Baba aliambiwa naenda kupumzika. Akakubali.

Mama mkubwa alinipokea kituoni, akanisalimia "Mwangaluka" hata kabla sijashuka vizuri, kisha akaniacha nitangulie njiani ili anitazame ninavyotembea. Alikuwa mama mpana, mwenye makovu ya jembe kwenye miundi yote miwili, na mapaja yake yalionekana magumu hata ndani ya kanga. Nyumbani kwake walizungumza Kisukuma. Nilikielewa, nikawa najibu kwa Kiswahili, na watoto wa jirani wakanicheka.

"Unauogopa mguu wako," alisema tulipofika. "Unatembea kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala."

Mama mkubwa alikuwa mchezaji wa bugobogobo. Ile ni ngoma ya majembe. Zamani watu waliicheza shambani kwa kulima kweli, mstari mzima ukiinuka na kushuka pamoja. Siku hizi huchezwa zaidi kwenye mashindano baada ya mavuno. Unashuka chini mpaka mapaja yanawaka, unapanda, unakanyaga, unarusha jembe juu, unalidaka, unajizungusha nalo, na yote hayo unayafanya magoti yakiwa yamekunjwa. Mtu anayeitazama huona majembe yanavyoruka. Mimi, siku ya kwanza nilipomtazama akifanya mazoezi uwanjani kwake na mumewe akipiga ngoma, niliona kitu kimoja tu: kila aliporuka, alitua bila kishindo. Mwanamke mzito kama yule, na vumbi halikushtuka.

Niliomba anifundishe. Alifurahi mno, na furaha yake ilituponza. Siku chache tu baadaye alinipa jembe, akanishusha chini, akaniambia nigeuke juu ya mguu wa kulia kama yeye. Goti likateleza ndani. Nilianguka juu ya jembe, na jioni goti lilikuwa limevimba kama siku ile ya kwanza. Mama mkubwa alilia kuliko mimi.

Nikapanda basi kurudi Tabora, moja kwa moja hospitali, bila kupita nyumbani. Yule mtaalamu alinigombeza mpaka wagonjwa wengine wakainamisha vichwa. Alipomaliza alivuta kiti, akakaa.

"Sasa nionyeshe wanavyofanya."

"Siwezi, linauma."

"Nionyeshe kwa mikono basi. Nieleze."

Nikamweleza. Alisikiliza akiwa amekunja uso, akaniuliza mguu gani unatangulia, uzito unakaa wapi, kisigino kinagusa chini au la. Kisha akasema, "Kushuka na kuinuka, sawa. Kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu, sawa, hicho ndicho ulichokuwa unakataa kukifanya chumbani. Kukanyaga, taratibu, uvimbe ukiisha. Kujizungusha juu ya mguu huo ni marufuku mpaka mimi niseme. Nipe simu ya huyo mama yako."

Alizungumza na mama mkubwa kwa muda mrefu. Niliporudi Lusu mama mkubwa aliniambia, "Yule mtoto wa hospitali ana sauti ya mkwe," lakini alitii kila neno.

Tulianza upya, chini kabisa. Asubuhi, kabla jua halijakaza, nilisimama kwenye uwanja wa kupuria mpunga nikihamisha uzito kulia, kushoto, kulia, kushoto, bila jembe, mikono ikiwa kiunoni. Baba mkubwa alipiga ngoma. Hakuwa mtu wa maneno, na hakunipunguzia mwendo. Nikichelewa aliendelea, nami nililazimika kuutafuta mdundo ulipofika. Chumbani kwangu Gongoni niliweza kuinua mguu mara moja nikapumzika kadiri nilivyotaka kujihurumia. Hapa hapakuwa na nafasi ya kujihurumia; mdundo ulikuwa unakuja, na mguu ulitakiwa uwe chini utakapofika.

Baadaye nilipewa mpini mtupu, kisha jembe lenyewe. Nilishuka na kuinuka mpaka nikatapika uji. Mapaja yalitetemeka hata nikiwa nimelala. Zilikuwepo asubuhi ambazo goti lilikataa kunyooka, nikakaa kwenye kigoda nikilikanda kwa maji ya moto huku nikisikia ngoma inapigwa bila mimi. Na mama mkubwa hakuchoka kunitazama miguu.

"Unatua kama gunia la mpunga," alikuwa akisema. "Mguu unafika chini, wewe bado uko juu. Fika pamoja nao. Shuka nao."

Sijui ni siku gani niliyoelewa. Najua kwamba wakati wa mavuno niliruka, nikatua kwa mguu ule mbovu, na sikusikia kishindo. Baba mkubwa alisimamisha ngoma. Alinitazama, akaanza tena kupiga, kwa kasi zaidi.

Nilipokwenda kliniki mtaalamu alipima mapaja yangu yote mawili kwa utepe, akapima tena kana kwamba utepe umemdanganya. Akanifanya nirukeruke kwa mguu mmoja kutoka ukuta hadi ukuta. Mwisho alisema ninaweza kugeuka. Halafu akaongeza, kwa sababu hakuwa mtu wa kumwacha mwingine aondoke na furaha kamili, "Kano bado haipo. Usisahau. Unashikiliwa na nyama tu."

Mwaka ule, kwenye mashindano ya baada ya mavuno, mama mkubwa aliniweka kwenye mstari wake. Nilivaa suruali yangu ya michezo, kanga kiunoni, njuga miguuni. Mtandio niliufunga vizuri, lakini niliporusha jembe mara ya kwanza uliteleza mabegani, na mtu mwenye jembe hewani hana mkono wa kujifunikia. Nilicheza hivyo hivyo. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Watu walipiga vigelegele, na wengi waliinua simu zao.

Video ilifika Gongoni kabla yangu. Ilifika kwenye baraza la msikiti, mikononi mwa wanaume waliokuwa wakimsubiri baba avae viatu.

Nilimkuta amekaa kwenye karakana yake, simu ya mtu ikiwa juu ya meza ya kazi katikati ya maranda.

"Shikamoo, baba."

Akaigeuza simu ili niione. "Huyu ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Kichwa wazi."

"Mtandio uliteleza."

"Mama yako aliniambia unakwenda kupumzika."

"Nilikwenda kutibiwa. Ile ndiyo tiba yenyewe, baba. Tazama mguu." Nikajaribu kuchuchumaa mbele yake nimwonyeshe, maana alikuwa hajaniona nikichuchumaa tangu nilipoumia.

"Inuka," alisema. "Tiba ina watu wanapiga vigelegele? Tiba inashindaniwa?" Hakupandisha sauti. "Nilikuachia mpira, nikasema ni mtoto, utaisha. Sasa wananiletea hii mbele ya msikiti. Nenda ndani kwa mama yako."

Kuanzia siku hiyo hakuniitikia salamu. Nikimwambia shikamoo alisema "Haya," kama anavyomjibu mteja aliyeuliza bei kisha hakununua. Kwa mama alikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kwake hakusema hata hilo kwa muda mrefu. Mama alimpakulia, akamwekea maji ya kunawa, akakaa pembeni. Nyumba yetu ikawa na sauti za vyombo tu.

Nilirudi uwanjani. Nilikuwa bora kuliko kabla ya kuumia, na hili nalisema bila majivuno kwa kuwa nilikuwa naliona mwenyewe: nilishuka chini zaidi nikisubiri mpira, nilitua na kusimama kama nimepigiliwa msumari, na mwishoni mwa mechi wengine walipokuwa wamechoka mapaja yangu yalikuwa yanaanza kazi. Wenzangu walinicheka nilivyokuwa nikipasha mwili moto, kulia, kushoto, magoti yamekunjwa. Kisha wakaanza kuniiga. Kocha aliazima majembe ya shule tuliyokuwa tukitumia uwanja wake, tukawa tunafanya mazoezi nayo mchana wakati wanafunzi wako darasani.

Timu ya Dar es Salaam ikaniita kwenye majaribio. Nilicheza vizuri, na kocha wao alinipigia makofi. Siku ya mwisho daktari wao alinilaza kwenye kitanda, akalishika goti, akalivuta mbele na nyuma. Niliujua ule mvuto. Nilijua atakachokisikia.

"Hili halina kano," alisema.

"Ndiyo, lakini umeniona nikicheza."

"Nimekuona." Alikuwa mtu mpole. "Unacheza vizuri kuliko wenye kano. Lakini sisi tunaajiri watu kwa miaka, na hili sijui litakaa mpaka lini. Pole sana, dada."

Nilirudi kwa treni. Tulipita Dodoma, tukaingia kwenye mapori ya kwetu, na njia nzima niliuweka mkono wangu juu ya goti kama mtu anavyomshika mtoto anayetaka kulia mbele za watu.

Mwaka uliofuata baba alianguka. Alikuwa kijijini Ntalikwa akipaua nyumba ya mtu, akakanyaga ubao ambao haujapigiliwa. Alivunjika nyonga. Walimfanyia upasuaji, wakaweka chuma, wakatwambia tukirudi nyumbani lazima ainuliwe, asimame, atembee, maana mtu wa umri wake akilala tu mapafu yanajaa na damu inaganda miguuni. Walitupa fremu ya kutembelea.

Baba hakuinuka. Tulimwekea godoro zuri, akageukia ukuta. Mama akimshika mkono, anauondoa. Majirani wa kiume walikuja kumsimamisha, wakambeba kama kabati, akapiga kelele ya maumivu, hawakurudia. "Niacheni," alikuwa akisema. "Mimi kazi yangu imekwisha." Mtu aliyekuwa akibeba magogo ya mninga peke yake alikuwa anasaidiwa kugeuzwa. Nilimtazama mgongo wake ukikonda ndani ya fulana na nilikijua kile kilichokuwa kinampata, hatua kwa hatua, kwa sababu nilikuwa nimelala hivyo hivyo kwenye chumba cha pili.

Mama alinivuta jikoni. "Wewe unajua," alisema.

"Hatanikubali."

"Nakuomba."

Nikaenda kwenye kliniki nikamuuliza yule mtaalamu la kufanya na la kutofanya. Kisha nikaingia kwa baba baada ya swala ya adhuhuri, aliyoiswali akiwa amelala.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kukukalisha."

"Haya," alisema. Nilidhani ni ile haya yake ya siku zote. Lakini alipoona nimeweka mkono chini ya bega hakuuondoa.

Siku za kwanza tulikaa tu kwenye ukingo wa kitanda, miguu chini, jasho likimtoka. Kisha tukasimama na fremu. Nilisimama mbele yake nikaishika mikono yake juu ya vyuma, nikamwambia asitembee, ahamishe uzito tu. Kulia. Kushoto. Nilianza kumpigia mdundo kwa mdomo bila kufikiri.

"Usiniimbie," alisema.

Nikanyamaza. Nikawa nagonga ubao wa kitanda kwa kidole, taratibu. Hilo hakulikataza. Kulia, kushoto. Maumivu yalimfunga macho, lakini mguu ulikuja. Siku hadi siku nyonga ikalegea, na mimi nikajikuta nikisema maneno ya mama mkubwa, "Shuka nao, baba, fika pamoja na mguu," na yeye akishuka kidogo magoti yake ya uzee na kuinuka. Tukafika mlangoni mwa chumba. Tukafika ukumbini, mama akajifanya anatafuta kitu kabatini ili asituangalie.

Asubuhi moja, akiwa amesimama, akaniuliza bila kunitazama.

"Hii ndiyo ile ya Lusu?"

"Ndiyo, baba."

"Na wao wanafanya hivi wakiwa na majembe?"

"Ndiyo. Wanayarusha."

Alihamisha uzito, kulia, kushoto. "Mipini ni ya mti gani?"

Sikujua. Nilikuwa nimeshika mpini ule msimu mzima na sikujua. Nikamwambia nitampigia simu mama mkubwa nimuulize.

"Muulize," alisema. "Mti mzito utawaumiza mabega."

Sikupata nafasi ya kumpa jibu. Siku iliyofuata, kwenye saa nne asubuhi, tulikuwa tumesimama mahali palepale. Alikuwa amechangamka, alikuwa amekunywa uji wote. Nilikuwa nimeanza kugonga ubao wa kitanda aliposema, "Subiri." Akashika kifua. Akaniangalia usoni, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu siku ya ile video, na midomo yake ikawa na rangi ya majivu. Alinilalia. Nilimshika kama nilivyofundishwa kumshika mtu mzito, nikashuka naye magoti yakiwa yamekunjwa, taratibu, mpaka chini. Hakupiga kishindo. Nilimwita mama. Alipofika baba alikuwa anavuta pumzi za mwisho, na mama akamsomea shahada sikioni.

Wanaume walikuja na jeneza la msikiti. Baba mwenyewe ndiye aliyelitengeneza, miaka mingi nyuma, na kulikarabati kila lilipolegea. Wakaondoka naye kabla ya alasiri, na sisi wanawake tukabaki kwenye mikeka.

Pale kwenye mikeka ndipo niliposikia. Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa amekaa karibu na mlango, na hakunong'ona. "Kaka yangu alikuwa anapona. Amechezeshwa ngoma mpaka amekufa. Binti yake mwenyewe, kwa mikono yake, amemchezesha ngoma na nyonga imevunjika." Wanawake waliinama. Wengine walinitazama mikono. Nilimtazama mama nikisubiri aseme kitu. Mama alikuwa amefunika uso kwa kanga na hakusema.

Maneno yale yalitoka pale yakaenda mtaani. Nilipopita dukani niliyasikia yakinyamazishwa. Nikaenda kwa yule mtaalamu, si kwa ajili ya goti.

"Damu iliganda mguuni ikapanda kwenye mapafu," alisema. "Inatokana na kulala, haitokani na kusimama. Ulichokifanya ndicho nilichokwambia ufanye."

"Kama ningemwacha kitandani siku ile?"

"Ingeweza kumfikia hapo kitandani. Ingeweza kumfikia kesho yake. Siwezi kukuambia lini, na nikikuambia nitakuwa nakudanganya."

Nilimheshimu kwa hilo, na nililia njia nzima kwa hilo hilo.

Mama alizungumza akiwa kwenye eda. Nilikuwa nimempelekea chai. "Siku ile sikumjibu wifi yangu," alisema, "kwa sababu ningemjibu kwa Kisukuma, na yangekuwa matusi." Akanywa. "Mimi ndiye niliyekuomba. Wakikuuliza tena, waambie waje kwangu." Hawakuja kwake. Hawakuniuliza tena pia. Shangazi hupita mbele ya nyumba yetu mpaka leo akitazama upande wa pili wa barabara.

Goti langu lilishikiliwa na nyama kwa misimu kadhaa, kisha likaanza kuvimba baada ya kila mechi, na daktari akaniambia gegedu imelika, niache kuruka. Niliacha. Sasa nafundisha timu ya wasichana ya shule moja hapa mjini. Tunapasha moto kwa hatua za Lusu, tunashuka, tunapanda, majembe mikononi, bila ngoma. Mwalimu mkuu ameomba ngoma isipigwe. Wasichana wangu hawaumii sana magoti. Makocha wengine huja kutazama, na hunipongeza.

Mmoja wa wasichana wangu alivunjika kifundo cha mguu, akapona, na juzi akaletwa kwangu na cheti cha daktari kinachosema anaweza kuanza. Nilimketisha kwenye benchi. Nilijua la kufanya: nimshike mikono, nimsimamishe, ahamishe uzito. Yeye alikuwa amekwisha kuninyooshea mikono yake, akicheka, ana haraka ya kurudi kwa wenzake. Nikamwita nahodha wa timu.

"Msimamishe wewe," nilimwambia. "Mimi nitakuwa nawaelekeza kutoka hapa."